Karata, kicheko na wasoma mawazo

Haya wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee mazingaombwe. Sisemi yale ya kumkata mtu kwa msumeno. Nasema ya karata na ya kusoma mawazo: jamaa anakuambia uchague karata moja, uifiche, halafu anaitaja kama alikuwa nayo yeye. Kinachonishangaza ni kwamba mabingwa wengi wa kazi hii ni wachekeshaji. Jibu la haraka ni kwamba wanatafuta makofi. Ukichimba historia utakuta mambo mengine.

Kwanza, kicheko ni kificho. Mtu akicheka sawasawa, kichwa kinarudi nyuma, macho yanaiacha meza, anamgeukia jirani. Sekunde moja hiyo inamtosha fundi. Mtazameni Juan Tamariz wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1942 na kushinda upande wa karata kwenye mashindano ya dunia ya Paris mwaka 1973. Nywele timutimu, kofia ndefu ya zambarau, makelele, na akimaliza mchezo anapiga fidla ambayo haipo. Unamwona kama mtu aliyechanganyikiwa hivi. Wewe unacheka, karata yako imeshahama. Na huyo huyo "kichaa" ameandika vitabu vizito vya nadharia ya mazingaombwe.

Utani wenyewe ulikuwa na soko lake. Mwaka 1946, Robert Orben, kijana wa New York ambaye hajatimiza hata miaka 20, alitoa kitabu cha maneno ya kuchekesha kwa ajili ya wanamazingaombwe. Yaani hujui useme nini huku unachanganya karata? Unasoma Orben. Miaka 30 baadaye alikuwa Ikulu ya Marekani, akiongoza idara iliyomwandikia hotuba Rais Gerald Ford. Nilisema tuache siasa, lakini mnaona wenyewe imetufuata.

Sasa kusoma mawazo ni kesi nyingine. Mwenye karata anajigamba kwa wepesi wa vidole. Msoma mawazo anadai ana uwezo, na uwezo ukiutania sana unayeyuka. Hapa ndipo ninapotaka mtazame jambo moja: mtu anafanya nini akikosea mbele za watu? Nina mifano mitatu.

Wa kwanza ni Chan Canasta, mzaliwa wa Poland aliyeanza kuonekana BBC mwaka 1951. Alichanganya karata na kusoma mawazo, na alikubali hatari ya kukosea. Kuna siku alikosa kweli kweli, akatabasamu, akaendelea. Ajabu ni kwamba watu walizidi kumwamini, maana kila mtu anajua kuwa janja iliyopangwa haikosei. Kumbe kosa lilikuwa linamjengea jina.

Wa pili ni Tommy Cooper wa Wales, mwenye tarbushi nyekundu aliyoanza kuivaa akiwa mwanajeshi Misri wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yeye alikosea kila kitu, makusudi. Halafu katikati ya vurugu mchezo mmoja unakubali, nawe unabaki mdomo wazi, kwa sababu huyo alikuwa fundi wa kweli. Watu walikizoea kichekesho chake kiasi kwamba tarehe 15 Aprili 1984, alipoanguka jukwaani London kwa ugonjwa wa moyo, moja kwa moja kwenye runinga, ukumbi uliendelea kucheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Alikuwa anakufa.

Wa tatu ni Uri Geller, wa vijiko vinavyopinda. Yeye hakusema anacheza. Tarehe 1 Agosti 1973 alialikwa kwenye kipindi cha Johnny Carson, Marekani. Carson utotoni alikuwa mwanamazingaombwe, na tangu mwaka 1964 alikuwa akiigiza mtabiri mwenye kilemba, anayebandika bahasha kwenye paji la uso na kutoa jibu kabla ya kusoma swali. Watu walivunjika mbavu. Kumbe aliijua kazi. Kwa ushauri wa James Randi, vifaa vyote viliandaliwa na kipindi, wala Geller na watu wake hawakuruhusiwa kuvigusa mapema. Dakika zaidi ya 20 zikapita, hakuna kilichopinda. Geller akasema hajisikii kuwa na nguvu siku hiyo.

Ungedhani habari imeishia hapo. Wapi! Geller mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alidhani amekwisha, kumbe mialiko ikaongezeka. Kwa waumini wake, kushindwa kulikuwa ushahidi kwamba uwezo ni wa kweli.

Ninachokiona ni kwamba kicheko ni mkataba. Cooper na Carson walikuwa wanatuambia, "Jamani, huu ni mchezo." Ukishacheka umeshaelewa, na ukitoka ukumbini unatoka na akili zako. Asiyecheka anakudai kitu zaidi: anataka umwamini.

Lakini msidhani kila mcheshi ni salama. Wacheza karata tatu wa stendi zetu ni wachekeshaji hodari. Wana utani, wana maneno, na wanao wenzao kwenye duara wanaocheka na "kushinda" ili nawe utoe elfu kumi yako. Kificho ni kile kile cha Tamariz. Tofauti ni kwamba Tamariz umeshamlipa mlangoni, na ulijua unalipia nini.

Kwa hiyo mtu akikutajia karata yako, au jina la mama yako, au tatizo lililokupeleka kwake, usihangaike sana kujua amejuaje. Jiulize anataka nini baada ya hapo. Makofi? Mpigie, kafanya kazi. Akitaka pochi yako, au akitaka urudi Jumatano na jogoo mweusi, basi wadau, hayo si mazingaombwe tena.