Kikombe cha Zamani, Baruti Mpya

Makasha mengi ya risasi za bunduki ya marisau yanayouzwa Marekani bado huandikwa kipimo kiitwacho dramu, ingawa ndani yake hakuna kitu kilichopimwa kwa dramu. Ni masalia ya enzi ya baruti nyeusi, na kuna waliojeruhiwa kwa kutoyaelewa.

Katika karne ya 19 mwindaji aliichota baruti kwa kikombe. Dramu moja ni kama gramu 1.77, na bunduki ya geji 12 ilitosheka na tatu. Aliyezidisha kidogo kwa kawaida aliambulia maumivu ya bega na moshi wa kutosha kuficha ndege. Hata baada ya Mfaransa Casimir Lefaucheux kuleta bunduki ya kutiwa risasi kwa nyuma, miaka ya 1830, watu waliokota maganda yaliyotumika na kuyajaza upya nyumbani kwa kikombe kile kile.

Kisha ikaja baruti isiyo na moshi. Ile ya Mprusi Johann Schultze, ya miaka ya 1860, ilitokana na mbao zilizotiwa asidi, nayo ilitengenezwa nyepesi ili ijaze kikombe sawa na nyeusi. Mambo yaliharibika kwa aina nzito kama balistiti, aliyoibuni Alfred Nobel mwaka 1887. Kiasi kidogo tu kilitosha. Aliyeimimina kwa kikombe cha dramu tatu alitia nguvu ambayo mtutu haukuundwa kuihimili, na mitutu ikapasuka mikononi mwa wenyewe.

Viwanda, badala ya kuitupa dramu, viliipa maana nyingine. "Sawa na dramu 3" ikawa ni mwendo: marisau ya wakia 1⅛ yatoke kwa futi 1,200 kwa sekunde, kama ambavyo dramu tatu za baruti nyeusi zingeyasukuma. Ni heshima ya ajabu kwa kipimo kilichokwisha kazi. Anayelisoma kasha hilo kama agizo la kupimia baruti ya leo anarudia kosa lile lile la zamani.

Ndiyo maana majedwali ya kujazia risasi hutaja ganda, fataki, baruti, kizibo na uzito wa marisau kwa pamoja. Kubadili fataki pekee kunaweza kupandisha shinikizo, na kwa geji 12 ya kawaida ukomo wa taasisi ya viwango ya SAAMI ni pauni 11,500 kwa inchi ya mraba. Maganda ya plastiki, yaliyoletwa na Remington mwaka 1960, nayo hutofautiana nafasi ya ndani hata yakifanana rangi.

Mwaka 1991 Marekani ilikamilisha marufuku ya marisau ya madini ya risasi kwa uwindaji wa bata, kwa kuwa ndege walizimeza punje hizo na kufa kwa sumu. Chuma kilichochukua nafasi yake ni chepesi, hivyo uzito ule ule hujaza ganda zaidi; tena ni kigumu, hakibonyei. Kina majedwali yake, baruti zake, na kizibo kinene cha plastiki kinachozuia punje zisikwaruze mtutu.