Jiwe Lisilo na Ukoo

Gari likitoka Mombo na kuanza kupanda milima, mji wa kwanza wa maana ni Soni. Katika kamusi ya Kiswahili, soni ni haya, aibu. Kwa Wagujarati, Soni ni jina la jamii ya wafua dhahabu. Majina yamekutana tu, kama abiria wa basi moja, lakini kila nipitapo hapo kuelekea Mgwashi huwa nawaza kuwa mtu anayeacha kazi ya heshima akakae kwenye benchi la sonara hupita katikati ya maana hizo mbili. Ameacha uhariri, usanifu wa majengo au matangazo ya biashara, na nyumbani wanaulizana amefukuzwa kwa kosa gani.

Siku moja pale Mombo mzee mmoja alinifungulia kikaratasi. "Hili la Umba, mwanangu. Lisogeze juani." Lilikuwa dogo kama punje ya kunde, rangi yake haijaamua kuwa chungwa au waridi. Mto Umba unaanzia katika milima hii hii ya Usambara, unakata bonde kame upande wa kaskazini na kuingia baharini karibu na Vanga, Kenya. Bonde hilo lina yakuti za rangi nyingi. Miaka ya 1960 wachimbaji waliokuwa wakitafuta ganeti ya zambarau walikuwa wakiokota pia mawe ya namna ile aliyonionyesha mzee. Wanunuzi waliyakataa, maana hayakuwa ya familia yoyote waliyoijua. Yakaitwa malaya. Baadaye ikajulikana kuwa ni mchanganyiko wa ganeti za aina mbili, soko likayapenda, na wafanyabiashara wengi wakaanza kuandika "malaia". Herufi moja imebadilishwa ili kufunika soni.

Kwa nini mtu asiye na ukoo wa kazi ahesabiwe kama jiwe lile? Kwa sababu katika mila nyingi kazi ya moto na nyundo ilikuwa na wenyewe. Jirani zetu Wapare walikuwa na Washana, ukoo wa wahunzi ambao, kwa simulizi alizozikusanya mwanahistoria Isaria Kimambo, uliwahi hata kutawala Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kuunyang'anya utawala. Ukishuka nyikani kwa Wamaasai unakuta kinyume chake. Wahunzi wao, Ilkunono, walitengwa, na watu wa koo nyingine hawakutaka kuoana nao. Chuma ni kile kile, moto ni ule ule. Huku mhunzi ni mtawala, kule hapewi mke. Msoni wa Gujarati yuko katikati, anaheshimiwa kwa sababu ameshika dhahabu ya watu. Kinachowaunganisha wote watatu ni kwamba huingii kwa kupenda. Unazaliwa humo.

Florence ya karne ya 15 ilikuwa na mlango mwingine, nao ulitumika zaidi kutokea. Filippo Brunelleschi alianza kama mfua dhahabu, akaishia kujenga kuba la kanisa kuu la mji. Na Wasambaa wenyewe wasijifanye wageni wa habari hizi. Vuga, makao ya Wakilindi, ukoo wao wa kifalme, masimulizi yake yanaanza na Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu aliyekataliwa kwao kama kigego, mtoto wa mkosi, akaja kugawa nyama milimani hadi akapewa ufalme. Sijui kubadili kazi gani kunakozidi huko.

Pwani mambo ni ya namna yake, na hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Kwa sonara wa Zanzibar au Mombasa, mbunifu alikuwa mteja. Bibi huja na bangili za marehemu mama yake zimefungwa kwenye leso, zinapimwa kwa tola mbele ya macho yake, kisha anaeleza: hizi yeyusha, unifanyie kidani kama kile alichovaa fulani harusini, lakini majani yake yawe membamba. Fundi husikiliza, huchora kidogo, hupuliza moto. Wanawake hao walikuwa wakibuni mapambo maisha yao yote, na hakuna aliyewaita wabunifu. Huenda ndiyo maana neno "mbunifu wa mapambo" likitamkwa pwani bado linasikika jipya, kama kiatu ambacho hakijalegea.

Nairobi ndiko cheo hicho kilikopata watu wake. Ami Doshi Shah alisomea usonara Birmingham, kisha akatumia miaka katika matangazo, na mwaka 2015 akaanzisha chapa yake ya mapambo, I Am I. Kwa hiyo yeye hakuhama, alirudi. Mkusanyo wake uitwao Salt of the Earth uliingia katika maonyesho ya Africa Fashion yaliyofunguliwa mwaka 2022 kwenye jumba la Victoria and Albert, London. Ametumia shaba ya njano, kamba ya katani na chumvi. Chumvi! Kitu kinachovuta unyevu na kuyeyuka. Naona ni mtu wa matangazo tu, aliyezoea kazi inayobandikwa leo na kubanduliwa kesho, ambaye angethubutu kutundika chumvi shingoni. Sonara wa ukoo angemkemea.

Adele Dejak, mzaliwa wa Nigeria, alisomea herufi za chapa London kabla ya kufanya vito Nairobi kwa shaba na pembe za ng'ombe wa Ankole. Zitazame bangili zake pana: uwazi ulioachwa ndani umepimwa kama tumbo la herufi.

Lakini nani anashika koleo? Kibera, humo humo Nairobi, koki chakavu na kufuli zilizopoteza funguo hutiwa chunguni juu ya makaa. Shaba ikiyeyuka hadi kuwa kama kiini cha yai, humiminwa kwenye mchanga ulioshindiliwa ndani ya fremu, mahali ambapo umbo la mfano limeacha alama. Kisha kazi ndefu ni ya tupa, saa baada ya saa, vumbi la njano likijaa kwenye kucha. Jicho la aliyehama kazi ni la kweli na silidharau. Ila jina linaloandikwa juu ya boksi ni moja, na aliyepiga tupa hayumo. Msoni na Mshana walikuwa na afadhali hiyo: aliyebuni na aliyefua ni mtu mmoja, au ndugu yake.

Milimani kwetu hata swali hilo halijafika, kwa sababu mawe ya Umba huondoka yakiwa ghafi. Arusha kipo Kituo cha Jemolojia kinachofundisha kukata na kung'arisha, na mawe mengine huvuka bahari hadi Thailand na India. Mwalimu wa sanaa wa Mgwashi akitaka kuwa sonara, benchi la karibu liko mbali kuliko jiwe.

Nilimuuliza yule mzee nani atalikata.

"Atakayelinunua," alisema, akakunja kikaratasi mara nne na kukirudisha kwenye mfuko wa shati, nyuma ya kitambulisho.