Saa Nne za Rubani Leul

Sisi tuliokulia Kilema tunazijua ndege kwa taa zake. Jioni mawingu yakifunguka unasimama kando ya migomba, unaiona kwa mbali ikishuka kuelekea KIA, taratibu kama kimulimuli, na watoto wanaipigia kelele. Mimi mwenyewe sijapanda hata siku moja. Lakini kila nikiitazama najiuliza: hivi ikiharibikiwa kule juu, walio ndani wanafanyaje?

Mlima wetu una jibu lake, nalo ni baya. Mei 1955 Dakota ya East African Airways, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Mawenzi na watu wote 20 wakafa. Basi nikamtafuta rubani aliyepewa muda, tena muda wa mateso. Nikampata Leul Abate wa Ethiopian Airlines.

Tarehe 23 Novemba 1996 Boeing 767 iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikiwa na watu 175. Haikupita hata nusu saa, vijana watatu wakavamia chumba cha marubani. Wakampiga rubani msaidizi, Yonas Mekuria, wakamtoa nje. Wakashika shoka na mtungi wa kuzimia moto, vitu vya ndege yenyewe, wakadai wana bomu. (Bomu lenyewe, ilikuja kujulikana, halikuwapo.) Walitaka kupelekwa Australia. Leul akawaeleza kwamba mafuta yaliyopo ni ya kufika Nairobi na akiba kidogo tu. Hawakusikia. Eti walikuwa wamesoma katika jarida la ndani ya ndege kwamba ndege ya aina hiyo huruka saa 11! Ndugu zangu tunaoshika kalamu, hapo nilisimama kidogo. Sentensi ile ilikuwa ya kweli kabisa, ila ilihusu ndege yenye matangi yaliyojaa.

Marubani wana kanuni yao ya siku nyingi: kwanza hakikisha ndege inaruka, pili jua uko wapi na unakwenda wapi, kuzungumza na watu wa chini ni jambo la tatu. Leul hakubishana sana. Aliielekeza ndege kusini akiambaa na pwani ya Afrika, nchi kavu ikiwa karibu. Watekaji walipogundua wakamwamuru akate kuingia baharini. Akakata, lakini kuelekea Ngazija, na huko akawa anazunguka. Kwa maoni yangu kutua kwa ndege ile kulianzia pwani, saa nyingi kabla haijagusa maji.

Injini ya kulia ikazimika. Leul akawatangazia abiria kwamba mafuta yamekwisha, wajiandae kwa ajali, tena wawakabili watekaji. Kisha ya pili nayo ikazimika. Ndege ya namna hiyo haianguki kama jiwe, huteleza hewani kama mwewe. Feni ndogo huchomoza chini ya mwili wake, ikazungushwa na upepo na kutoa nguvu kidogo ya kuongozea. Lakini nguvu hiyo haikutosha kufungua mabapa ya mabawa yanayopunguza mwendo, kwa hiyo walishuka kwa kasi ya kilomita 300 na zaidi kwa saa. Alitaka kutua uwanja wa Moroni, lakini katika purukushani na watekaji akaukosa. Akachagua maji ya kina kifupi karibu na Mitsamiouli, mbele ya hoteli ya Galawa, mahali penye watu na mashua. Bawa la kushoto likatangulia kugusa maji. Ndege ikavunjika vipande.

Sasa jamani, hapa ndipo panaponiuma. Wahudumu wa ndege husema kila safari: jaketi la kuokolea vaa, lakini usilijaze hewa mpaka utoke mlangoni. Wengi walijaza wakiwa bado wameketi. Maji yanapoingia, jaketi lililojaa hukubeba hadi darini, na mlango uko chini, kuzamia huwezi. Hofu iliwaharakisha, na wapo walionusurika kugonga maji wakafia mle ndani.

Walikufa 125, akiwamo Mohamed Amin wa Nairobi, mpiga picha aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Walipona 50, wakivutwa ufukweni na wakazi, watalii na wazamiaji wa hotelini. Leul na Yonas walikuwa miongoni mwao.

Mwezi ujao shangazi yangu anapanda ndege kwenda Dar, mara yake ya kwanza. Nimemsimulia yote haya, nikamsihi awasikilize wahudumu wanapoonyesha lile jaketi. Akaendelea kumenya ndizi zake, kisha akaniangalia.

"Kwani wewe, baba, umepanda lini?"