Utata, utatanishi, uchangamano: kila neno na mahali pake

Msikilizaji wa Buyenzi, jijini Bujumbura, akisikia redioni kwamba "suala hili lina utata", anaweza kuelewa mambo matatu: kwamba suala ni gumu, kwamba lina maana zaidi ya moja, au kwamba watu wanaligombania. Katika habari, tofauti hiyo si ndogo.

Asili ya neno ni kitenzi tata, yaani kuzongana kama nyuzi. Wavu ukitata, mvuvi wa Rumonge huutatua. Tatua ni tata iliyotiwa kiambishi cha kutengua, kile kile kinachogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua. Ndiyo maana tatizo hutatuliwa.

Utata kwa maana yake kamili ni hali ya kauli moja kubeba maana mbili au zaidi. "Asha alimpigia Juma mpira" ni sentensi fupi yenye maneno mepesi, lakini haisemi kama mpira ulielekezwa kwa Juma au ulipigwa kwa niaba yake. Haina ugumu wowote, ina utata. Warundi waliliona jambo hilo kwa uzito mkubwa mwaka 2015. Kifungu cha 96 cha Katiba ya 2005 kilisema kuwa rais huchaguliwa na wananchi wote kwa muhula wa miaka mitano, unaoweza kurudiwa mara moja. Kifungu cha 302 kiliweka utaratibu wa pekee kwa rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito, ambaye alichaguliwa na Bunge. Je, muhula huo wa kwanza uhesabiwe au la? Maneno ni yale yale, wasomaji wakatoka na majibu mawili. Mwezi Mei Mahakama ya Katiba iliamua kwamba muhula mwingine unaruhusiwa, nao wapinzani hawakukubali. Anayeeleza kisa hicho kwa kusema vifungu vilikuwa "vigumu" amepotosha habari.

Uchangamano ni jambo jingine. Wanafunzi hulikuta katika sentensi changamano na namba changamano: kitu kimoja kilichoundwa na sehemu kadhaa zinazotegemeana. Shehena inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, kisha ikavushwa ziwa Tanganyika mpaka Bujumbura, hufuata njia changamano. Hakuna utata hapo, maadamu kila hatua inajulikana.

Utatanishi, kwa upande wake, huelekea kwa anayetazama: jambo linamkanganya kwa kuwa sababu yake haijulikani. "Kifo cha kutatanisha" ni kauli sahihi pale uchunguzi uliposhindwa kupata chanzo. Kwa bahati mbaya, "mazingira ya kutatanisha" mara nyingi huandikwa na mwandishi ambaye hajapiga hata simu moja kuuliza.

Limebaki matata. Katika Kiswahili kinachosemwa Uvira na ng'ambo ya pili huku kwetu, mwenye kutafuta matata anatafuta ugomvi. Kwa sikio lililozoea hivyo, "mgombea mwenye utata" husikika kama mgombea mkorofi, ilhali mtangazaji alitaka kusema tu kwamba watu hawakubaliani juu yake. Heri aseme "mgombea anayebishaniwa", kisha ataje wanaobishana na hoja zao.