Petroli, Dizeli na Gari la Haibridi

Leo nasema nanyi nyote, lakini hasa na ndugu zetu wa darasa la Mkange na jirani zao wa Miono na Saadani, maana habari ya leo huwapita mlangoni kila siku. Lori hupita na vumbi lake, kisha pikipiki, kisha gari dogo. Yote hunywa mafuta, lakini si mafuta ya namna moja. Kwa nini lori linywe dizeli na gari dogo linywe petroli? Hilo ndilo swali letu.

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1886 Karl Benz alipata hati ya serikali kwa motokaa yake yenye magurudumu 3. Injini ya namna ile huchanganya petroli na hewa, mchanganyiko hushindiliwa ndani ya silinda, kisha plagi hutoa cheche na kuuwasha. Mshindo wake ndio unaosukuma gari.

Fundi mwingine, Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi Wajerumani, alichukizwa na upotevu. Aliona kuwa katika mitambo ya mvuke ya siku zile, ukigawa joto la makaa mafungu 100, mafungu kama 10 tu ndiyo yaliyofanya kazi. Mengine yalipotea hewani. Akawaza hivi: hewa ikishindiliwa sana, hupata moto. Jambo hili nanyi mnalijua. Jaza upepo tairi la baiskeli, halafu shika ncha ya pampu. Ina joto! Diesel alishindilia hewa hata ikawa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta pasipo cheche yoyote. Mwaka 1897, mjini Augsburg, injini yake ilipopimwa ilitumia vyema mafungu kama 26 katika 100.

Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, nayo ikaenda vizuri. (Msichanganye habari hii na ule mradi wa karanga wa Waingereza huko Kongwa, kuanzia 1947 hadi 1951. Ule ulikuwa wa mafuta ya kula, na karanga zilizopatikana zilikuwa chache.) Diesel mwenyewe alipotea baharini mwaka 1913, akivuka kwa meli kwenda Uingereza.

Injini yake ilikuwa nzito, kwa kuwa chuma chake lazima kistahimili msukumo mkubwa. Ndiyo sababu ilianza viwandani na melini, kisha ikaingia malorini. Gari dogo la dizeli la kuuzwa kwa watu, Mercedes-Benz 260 D, lilitoka mwaka 1936 tu. Lakini mwenye lori hakujali uzito. Alihesabu lita. Dizeli hushinda kwa njia mbili: injini hupoteza joto kidogo zaidi, na lita moja ya dizeli ina nguvu kuliko lita moja ya petroli, kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi.

Sasa shikeni kalamu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa, ile inayoongeza joto la dunia. Lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi. Tuchukue mfano wa magari matatu yenye ukubwa sawa, kila moja likienda kilomita 100. La petroli linywe lita 8, la dizeli lita 6, na la haibridi lita 5 za petroli. La kwanza litatoa kilo 18.4, la pili 16.2, la tatu 11.5. Mnaona kwamba dizeli inapunguza lita kwa robo nzima, lakini hewa ukaa haipungui kwa robo. Muuzaji wa gari atawatajia hesabu ya kwanza. Ya pili mtaifanya wenyewe.

Ipo na hesabu ya tatu, ya kifua. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, ufundi uliogunduliwa Marekani mwaka 1921, ili injini isigonge. Risasi ile ilitoka na moshi na kudhuru akili za watoto. Tena iliharibu masega, yaani kile kifaa cha bomba la moshi kinachosafisha hewa chafu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006. Dizeli nayo ina masizi, na mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa moshi wake huleta saratani. Serikali za Ulaya zilikuwa zimewahimiza watu wanunue dizeli, zikiangalia hewa ukaa peke yake. Kisha mwaka 2015 ikafichuka Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen ilitia katika magari yake ya dizeli programu ya kudanganya kipimo. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Kwenye kipimo moshi ulikuwa safi, barabarani mchafu.

Turudi nyumbani. Mwaka 1966 kiwanda cha TIPER kilianza kusafisha mafuta Dar es Salaam, kikaacha kazi hiyo mwaka 1999. Bei ya mafuta ghafi ilipopanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974, nchi yetu iliumia sana, na baadaye magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri. Wazee darasani watawasimulia.

Lakini habari inayowagusa zaidi watu wa vijijini ni ya uchakachuaji. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, kwa sababu ndiyo yaliyowasha koroboi ya maskini. Dizeli ilitozwa kodi kubwa. Mafuta haya mawili ni ndugu, huchanganyika bila kutambulikana kwa macho. Basi walanguzi wakatia mafuta ya taa ndani ya dizeli na kuuza kwa bei ya dizeli. Injini zikafa na serikali ikakosa kodi. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi zaidi ya shilingi 400, ili faida ya udanganyifu iishe. Dawa ilikuwa na sababu yake, lakini tazameni nani aliyeinywa. Mama wa kijijini asiye na gari alilipia taa yake kwa makosa ya watu wa malori. Mimi naona hilo halikuwa haki.

Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubali dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hilo limesaidia. Lakini gari kuukuu lililotolewa kichujio chake bado hutema masizi.

Na haibridi? Si jambo jipya kama watu wanavyodhani. Ferdinand Porsche alitengeneza gari la petroli na umeme pamoja mnamo 1900. Toyota walileta Prius sokoni Japani mwaka 1997. Ukikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha nguvu betrini, na gari likisimama injini huzimika. Kwa hiyo faida kubwa iko mjini, katika foleni ya Ubungo. Katika barabara ndefu isiyo na kusimama, faida hupungua. Katika vumbi letu, feni ya kupoza betri ikiziba, betri hupata joto na kufa mapema, na betri mpya ni ghali. Mtu wa Mkange anayebeba mahindi kwenda Bagamoyo bado atahitaji dizeli nzuri na fundi mwaminifu. Dereva wa teksi wa Dar es Salaam ana sababu ya kufikiri vingine.

Kabla ya somo lijalo, mwulizeni dereva mmoja apitaye kwenu: gari lake hunywa lita ngapi kwa kilomita 100, na ni mafuta gani? Zidisheni kwa 2.3 au 2.7, mwandike jibu daftarini. Kwaherini.