Kuunganisha programu ya duka na ya hesabu: patana kwanza, fundi baadaye

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari zimekuwa mbili. Moja iko dukani: programu tuliyoandikiwa na kijana wa mtaani, inayojua bei zetu, stoo yetu na wateja wetu wa deni. Ya pili iko kwa mhasibu: QuickBooks, Sage, Xero, Zoho Books au Odoo. Kila jioni kuna mtu wa kunakili kutoka hii kwenda ile, na mwenye duka akichoka naye huniuliza: "Hizi haziwezi kuongea zenyewe?"

Zaweza. Lakini kabla ya kuongea lazima zikubaliane maneno. Somo hili nililipata kwa aibu.

Mimi nashika hesabu za maduka kadhaa hapa Mombasa. Duka moja la vifaa vya ujenzi liliunganisha programu zake, sote tukafurahi. Baada ya miezi miwili vitabu vikaonyesha mauzo makubwa kuliko pesa iliyokuwa benki, kwenye M-Pesa na sandukuni ukijumlisha na madeni. Macho yakamwendea keshia, yangu yakiwemo. Kijana akamwambia mwenye duka, "Ami, wallahi sijachukua hata shilingi." Akaambiwa akae nyumbani kwanza.

Siku ya nne ndipo nikaona. Mteja akichukua saruji kwa deni, programu ilipeleka ankara, yaani invoisi, ikahesabiwa mauzo. Akija kulipa kwa M-Pesa, programu ikapeleka malipo yale kama mauzo mapya. Hakuna pesa iliyoibiwa, kwa sababu pesa hiyo haikuwahi kuwepo. Kijana alirudi kazini na tulimwomba radhi, lakini VAT ilikuwa imeshalipwa juu ya mauzo hewa.

Ndiyo maana sasa nataka mambo yafuatayo yaandikwe kwenye karatasi kabla fundi hajafungua kompyuta.

Kila jambo liwe na mwenyewe

Amueni ni programu ipi yenye neno la mwisho kwa kila kitu. Bei, stoo na majina ya wateja kwa kawaida ni ya duka. Mpangilio wa akaunti, benki na gharama ni wa mhasibu. Habari iende upande mmoja. Mkiruhusu bei ibadilishwe pande zote mbili, siku moja zitapingana na hamtajua ipi ni ya kweli.

Malipo si mauzo

Mauzo ya deni huzaa ankara. Pesa ikija, inafuta deni la ankara ile, haiongezi mauzo. Mauzo ya taslimu yanaweza kupelekwa kwa jumla moja ya siku, lakini ya deni yapelekwe moja moja, kila moja na jina la mteja.

Till au Paybill nayo iwe na akaunti yake vitabuni, isichanganywe na benki. Pesa iliyo kwenye till bado haijafika benki, na ikifika huwa imeshakatwa ada. Ada hiyo ni gharama, iandikwe kama gharama.

Nambari moja isiyobadilika

Mtandao ukikatika katikati, programu hujaribu tena. Je, ile ya kwanza ilifika au haikufika? Kama hakuna alama, mauzo yataingia mara mbili. Kila ankara iwe na nambari yake, na kila malipo ya M-Pesa yabebe ile kodi ya herufi na tarakimu 10 inayokuja kwenye ujumbe. Mlango wa programu, ambao mafundi huuita API, mara nyingi una njia ya kuzuia marudio. QuickBooks Online, kwa mfano, hukubali nambari ya ombi, na ombi likirudi na nambari ileile haliandiki mara ya pili. Muulize fundi wako kama ameitumia.

VAT na eTIMS

Ankara ya Sh11,600 yenye VAT ya asilimia 16 ni mauzo ya Sh10,000 na kodi ya Sh1,600. Ile kodi si mapato yako. Ipelekwe kwenye akaunti yake. Bidhaa za asilimia 16, za asilimia sufuri na zisizotozwa zitengwe tangu dukani.

Angalieni senti pia. Bidhaa saba za Sh100 kila moja, VAT ikiwa ndani, ukipiga hesabu moja moja kodi ni Sh96.53. Ukipiga kwa jumla ya Sh700 ni Sh96.55. Chagueni njia moja kwa programu zote mbili.

Kuhusu eTIMS ya KRA, programu moja tu ndiyo itume ankara huko. Zikituma zote mbili, umejitangazia mauzo maradufu. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria, kwa hivyo wateja wenye biashara watakudai ankara sahihi. Iliyokosewa haifutwi kimyakimya. Inarekebishwa kwa hati ya kuipunguza, na hati hiyo lazima ifike vitabuni pia.

Saa ya Greenwich

Hili huwashangaza wengi. Programu nyingi hutunza muda kwa saa ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Wakati wa Ramadhani maduka yetu hufungwa usiku mkubwa. Mauzo ya saa saba usiku wa tarehe mosi yataandikwa mwezi uliopita, na ripoti ya VAT, inayotakiwa kufikia tarehe 20, itakosea. Mwambie fundi atumie tarehe ya Nairobi.

Funguo

Usimpe fundi nenosiri lako. Programu hizi hutoa ufunguo wake: wa QuickBooks Online hudumu saa moja, wa Xero dakika 30, kisha programu huomba mwingine yenyewe. Ufunguo unaweza kuuzima fundi akiondoka. Hakikisha unajua unazimwa wapi. Na usipeleke habari za wateja zisizohitajika, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu hata mwenye duka.

Je, unahitaji kweli?

Kama unatoa ankara kumi kwa siku, huenda faili moja la kupakia kila jioni likatosha. Ni rahisi, na kosa huonekana mapema. Unganisha moja kwa moja pale kazi ya kunakili inapomshinda mtu.

Ukiunganisha, jaribu kwanza kwenye akaunti ya majaribio, kisha endesha njia ya zamani na mpya sambamba kwa mwezi mzima. Weka nakala za kumbukumbu, kwani sheria ya kodi inataka zitunzwe miaka mitano.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, linganisha vitu vitatu vya jana: mauzo ya programu ya duka, mauzo vitabuni, na pesa iliyoingia pamoja na madeni mapya, ukitoa madeni yaliyolipwa. Ni kazi ya dakika kumi. Zikitofautiana, tafuta kwanza ndani ya programu, kabla hujamtazama mtu kwa jicho baya. Tungefanya hivyo tangu siku ya kwanza, kosa lingeonekana deni la kwanza lilipolipwa, na kijana yule asingelala siku nne nyumbani akiitwa mwizi.