Kwa Pikipiki Ndogo Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika

Wamisionari wa Leipzig walipopanda Kilimanjaro mwaka 1893, mizigo yao ilibebwa na wapagazi. Historia za sharika zetu zimewahifadhi wamisionari kwa majina yao. Wapagazi wametajwa kwa jumla tu. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa muungano wa makanisa saba, na baadaye likaanza nalo kutuma watumishi nchi za jirani. Ndivyo nilivyovuka ziwa katikati ya miaka ya 1970, nikiwa mchungaji kijana, kwenda Kalemie katika jimbo la Shaba, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo.

Chombo changu kilikuwa pikipiki ndogo yenye pedali, ambayo wenyeji waliozoea Kifaransa waliiita mobileti. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 50. Petroli ilichanganywa na oili kabla ya kutiwa katika tangi: oili ikipungua, pistoni hukwama, ikizidi, plagi hujaa masizi na injini huzimika. Nyuma nilifunga sanduku la vyombo vya Ushirika Mtakatifu, nimevizungushia kanzu ili visigongane, pamoja na vitabu vya nyimbo, pampu, viraka na plagi ya akiba.

Tangu bei ya mafuta duniani ilipopanda mwishoni mwa mwaka 1973, petroli ilikuwa adimu. Kwenye mchanga na vilima nilisaidia injini kwa pedali, na pedali ziliposhindwa nilishuka nikasukuma. Sikusukuma peke yangu kwa muda mrefu. Vijana walitoka mashambani wakashika nyuma. Akina mama walijitwika sanduku. Wazee walinivusha kwenye madaraja ya magogo wakati wa masika. Gari hupita kijijini likaacha vumbi. Pikipiki ile ilinilazimisha kusimama, kuomba maji, na mara nyingi kulala.

Katika kulala huko ndiko nilikojifunza. Nilidhani nimekuja na Kiswahili, kumbe kwao maji ni mayi, watu ni batu, na kuja ni kuya. Wengi walikuwa wamekwisha kusikia mahubiri kupitia Redio Sauti ya Injili ya Addis Ababa, iliyoanza matangazo mwaka 1963 hadi ilipotaifishwa mwaka 1977, na ambayo vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Neno lilikuwa limetangulia. Walinzi wake walikuwa wainjilisti waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, wakifundisha wanafunzi wa ubatizo miezi mingi kabla sijafika kwa siku moja kuwabatiza.

Taarifa nilizotuma nyumbani zilionyesha idadi ya waliobatizwa na safari zilizofanywa. Hazikuonyesha ni nani aliyesukuma, wala ni nani aliyefundisha. Hata vipuri vya pikipiki vilinunuliwa kwa sadaka za mavuno, debe la mahindi na mkungu wa ndizi wa mama asiyejua Kalemie iko wapi.

Kwa hiyo, usharika unapotimiza miaka mia moja, naisihi kamati ya kitabu hiki isiishie kwenye orodha ya wachungaji na wamisionari. Wainjilisti wa kwanza wa mitaa yetu wana watoto na wajukuu wanaokumbuka majina yao. Waulizwe sasa, wangali hai.